Alhamisi, Mwezi Kumi na Tano

Ijumaa ile zilibaki chaki mbili, nyeupe na ya kijani, na hiyo ya kijani nilikuwa nimeificha kwenye droo kwa ajili ya nage, mchezo wetu wa kukwepa mpira. Watoto walikuwa wanatoka, wavulana wanakimbilia makwao kuvaa kanzu wawahi msikitini, nami nimesimama mbele ya ubao wa matangazo, mtandio umejaa vumbi. Niliandika hivi:

WIKI IJAYO
Jumatatu: Maulidi. Mapumziko.
Jumanne: Mtihani wa majaribio, Darasa la Saba na Kidato cha Pili.
Jumatano: Mkutano wa wazazi na walimu, saa 8 mchana. Ajenda ni kambi.
Alhamisi: Dawa ya kichocho na minyoo, skuli nzima. Mtoto ale kabla ya kuja.
Alhamisi: NAGE! Saa 4 asubuhi, kiwanja chetu.
Ijumaa: Usafi. Kutoka saa 5.
Jumamosi: Maulidi ya skuli, baada ya alasiri.

Nage niliiandika kwa kijani, nikaipigia mstari chini. Bado nafuta mikono, msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza akaja kusimama nyuma yangu kusoma. Huyu ndiye mkwepaji wetu. Akiwa kati, mpira hupita kwapani, hupita baina ya magoti, hupita juu ya utosi, na yeye hajaguswa.

"Mwalimu, nage Alhamisi?"

"Alhamisi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

Akachukua mkoba wake akenda zake. Miaka sita nimekaa Pemba, nilikuwa nishajua. Mtoto wa huku akikwambia hakuna kitu kwa sauti ile, kaa kitako umuulize mara ya pili. Sikukaa. Nilikuwa na njaa, na gari ya kabla ya sala haimngoji mtu.

* * *

Skuli yetu iko kaskazini ya Pemba, wilaya ya Micheweni, kando ya njia inayoteremka pwani. Jina nitaliacha, aliyesoma pale ataijua kwa mnazi uliolala ambao watoto wameufanya benchi. Ina wanafunzi wa kila rika, ila miye nimekabidhiwa wa katikati, kuanzia Darasa la Tano mpaka Kidato cha Pili. Ni umri wa ajabu. Mvulana wa Kidato cha Kwanza asubuhi anasoma risala kwa sauti nzito kama khatibu, mchana unamkuta analilia gololi.

Tuna mikondo miwili, kama skuli nyingi za huku. Wakubwa huingia asubuhi, Darasa la Tano na la Sita huingia mchana wenzao wakishatoka, na madawati hayapoi. Anayesoma asubuhi huenda chuoni, kwenye Kurani, jioni, anayesoma mchana huenda chuoni asubuhi. Ukimuuliza mtoto wa Pemba ana nafasi saa ngapi, atafikiri sana kabla ya kukujibu.

Ubao wenyewe ni wa saruji, umepakwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu. Kazi ya kuuandika nilipewa kwa sababu ya mwandiko, na pengine kwa sababu mtu wa kuja hupewa kazi ambazo wenyeji wamezichoka. Kila Ijumaa nafuta wiki iliyopita, naandika inayokuja, napiga picha, naituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kutoka hapo habari ina miguu yake. Humfikia sheha, humfikia mwenye duka, na baada ya sala mtu huitangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti, mara nyingi ikiwa imeshageuka. Mwaka juzi mdahalo wetu ulitangazwa kuwa mhadhara. Wakaja mashekhe watatu, wakakaa mpaka mwisho kuwasikiliza watoto wakibishana kama simu ina faida au hasara, na mmoja akaomba nafasi akachangia upande wa hasara.

Lakini msomaji wangu mkubwa ni bibi muuza mihogo wa pale mlangoni. Huyu hakosi Ijumaa. Anasimama na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, anasoma mstari kwa mstari, halafu anapiga hesabu ya mihogo. Siku ya mtihani watoto hutoka mapema na wana njaa, basi mihogo mingi na pilipili ya ndimu nyingi. Mkutano wa wazazi ni hasara tupu, mzazi hanunui. Siku ya usafi huacha mihogo nyumbani akaja na malai na embe za achari. Sijawahi kumkuta amekosea, na nilishawahi kumwambia mwalimu mkuu kwamba tungempa yeye hesabu ya chakula cha skuli tusingepata tabu. Alidhani natania.

Kuna jambo hunichekesha kila nikiandika ule mpangilio. Lugha yetu huanza kuhesabu siku Jumamosi, ndiyo mosi. Skuli inaanza Jumatatu, siku ya tatu. Kengele ya kwanza inapolia, yaani ile ringi ya gari iliyoning'inizwa mwembeni, wiki imeshakwenda siku mbili, na ndani ya siku hizo mbili watoto wameshachuma, wameshaanika, wameshabeba maji, wameshakwenda pwani na kurudi. Sisi tunawapokea wamechoka tunawaambia: haya, wiki inaanza.

* * *

Maulidi ya Jumatatu nitayapita. Ni Mfungo Sita, mwezi mzima watu wanaalikana, leo msikiti huu, kesho uwanja ule, na mwalimu wa Kiarabu sauti imemkauka kwa kuwafundisha wavulana kasida na dufu.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku. Mwaka ule mikarafuu ilizaa. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Hujaa mwaka mmoja, kisha hupumzika miaka miwili mitatu, na mwaka uliojaa hapana anayelala mapema. Kutwa watu wako juu ya miti, usiku nyumba nzima inazunguka rundo inachambua, karafuu huku, makonyo huku, na mtoto wa Darasa la Saba yumo. Asubuhi anakuja skuli vidole vyeusi. Kusahihisha madaftari msimu huo ni kazi yenye harufu: unafungua daftari la Hisabati, karafuu inakupiga usoni kabla hujaona jibu.

Majirani wa skuli huanika majamvi yao ukingoni mwa kiwanja chetu cha paredi, kwa sababu ndipo penye jua la kutwa. Mwalimu mkuu alikataza, akakataza tena, akaacha. Basi Jumanne hiyo nasimamia mtihani wa Kidato cha Pili. Karatasi zimegawiwa, kimya kimetanda, nasikia kalamu tu. Nikaona dirishani wingu jeusi linapanda. Nikamwona na msichana wa mbele ameliona. Kabla sijafungua mdomo darasa zima lilikuwa nje, wavulana kwa wasichana, wanakunja majamvi kona nne, wanabeba, wanaanua za kwao na zisizo za kwao. Karafuu iliyopata mvua juani huvunda, hugeuka rangi, na ukiipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, haingii daraja la kwanza. Hapo hakuna anayeuliza jamvi la nani.

Walichukua dakika nane, nilitazama saa. Wakarudi wanahema, wakajifuta mikono kwenye sare, wakakaa, wakainamia karatasi zao kama kwamba hapajatokea kitu. Taratibu za mtihani zinasema niandike ripoti. Niliwaongezea dakika nane.

Mvua yenyewe haikunyesha.

* * *

Huo ulikuwa mtihani wa majaribio, wa nyumbani. Wenyewe khasa, wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, huja mwisho wa mwaka, na ndiyo maana ya kambi. Wanaotoka nje ya visiwa huenda hawaijui kambi yetu. Wiki kadhaa kabla ya mtihani, madarasa ya mtihani hulala skuli. Wanasoma mchana, wanakula pamoja, wanasoma tena usiku na walimu wa zamu, wanalala juu ya magodoro waliyokuja nayo, asubuhi wanaamshwa kwa sala ya alfajiri na kuanza upya. Faida yake kubwa sidhani kama ni masomo ya ziada. Ni kwamba kwa wiki hizo mtoto hachambui karafuu.

Na wazazi wanalijua hilo. Mkutano wa Jumatano ulianza saa 8 kwa tangazo langu na saa 9 kwa ukweli. Kulikuwa na ajenda moja, ila ilikuwa na matawi. Kila mzazi achangie kilo tano za mchele. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Na nazi?" Nazi ikazungumzwa nusu saa. Kuni zikazungumzwa. Kisha mzee mwengine, mwenye sauti ya upole ambayo ndiyo ya kuogopa, akasema hana neno na mchele wala nazi, ila binti yake halali skuli.

Pakawa kimya. Akina baba wengi walikuwa wanangoja mtu aseme.

Akasimama mama mmoja kutoka nyuma, kanga amejitanda vizuri. Akasema mume wake naye alikuwa na maneno hayohayo kwa binti wa kwanza, akamzuia, binti akawa anakwenda na kurudi gizani. Mwisho akaacha kwenda, akafeli, sasa ana watoto wawili. "Huyu wa pili," akasema, "nitamleta na godoro langu mwenyewe, miye nitalala jamvini." Sheha akaingilia kati kabla hapajachacha. Tukakubaliana wasichana walale nyumba ya mwalimu iliyo ndani ya uwanja wa skuli, na walimu wanawake wawili wa kulala nao. Mmoja wa hao wawili, kama mlivyokwishakisia, ni mtu wa kuja mwenye mwandiko mzuri.

Mwalimu msaidizi alinikumbusha tukiwa tunakusanya viti kwamba zamani zao hata mabishano hayo hayakuwepo. Alisomea mtihani wake kwa koroboi, pua imejaa masizi. Umeme wa kutegemewa ulifika Pemba mwaka 2010, waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kinaishi kwa majenereta, na majenereta yalikuwa na siku zao za kuumwa. Kijijini kwao hata hayo hayakufika. Kambi ya usiku ungeifanya kwa taa gani?

* * *

Usiku wa Jumatano niko jikoni na mkwe wangu. Anapenda kusikia habari za skuli, nami hupenda kumsimulia kwa sababu husikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza swali moja tu. Yeye alikuwa mtoto wa miaka minane Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo, tarehe 23 Septemba 1964. Mwaka uliofuata akaingia darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzake wote. Akaacha darasa la tano, mwaka wa karafuu nyingi. Hasemi kwa uchungu. Husema tu, "Karafuu zile zilikuwa nyingi, we!"

Nikamwambia kesho tuna mechi ya nage ya kujiandaa na tamasha la skuli, wageni wanatoka ndani huko, skuli ya shamba, saa 4.

"Kesho mwezi ngapi?" akauliza.

Nikafikiri, kwa hesabu ya mwezi wa mwandamo. Maulidi Jumatatu, mwezi kumi na mbili. "Kumi na tano."

Akaendelea kukuna nazi. Mbuzi ikalia kru, kru, kru. Nikaanza kuhisi baridi shingoni.

Miye niliyezaliwa Ng'ambo, Unguja mjini, najua bahari kwa kuitazama Forodhani jioni. Mkwe wangu anaijua kwa hesabu. Anahesabu mwezi kwa ajili ya maji, na anahesabu miongo, siku kumi kumi kuanzia siku ya mwaka, Nairuzi, kwa ajili ya upepo, kupanda na kuvua, kama alivyofundishwa na babake aliyekuwa na dau. Akanieleza pale jikoni kama anavyomweleza mjukuu. Mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, maji ni bamvu: yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi na yanatoka mpaka usiyaone. Na siku za bamvu, huku kwetu, maji hutoka mwisho saa 4 asubuhi hivi na kujaa saa 10 jioni. Mwaka nenda mwaka rudi. Kila siku husogea mbele, dakika arubaini, hamsini, na baada ya wiki tumeingia maji mafu, hayatoki sana wala hayajai sana, na pwani hapana kazi.

"Na mwani uko wapi?" akaniuliza, akijua kwamba najua.

Mwani uko mbali, kule ambako maji hayaachi ardhi ila siku za bamvu. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kikaenea mpaka huku, na toka mwanzo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mama anayelima mwani ana siku chache kila bamvu, na ndani ya siku hizo ana saa tatu nne za kufunga mbegu, kukaza kamba na kuvuna. Hana mikono ya kutosha. Mikono mingine ni ya binti yake wa Kidato cha Kwanza.

Nage saa 4 asubuhi, mwezi kumi na tano. Ningetafuta saa mbaya kuliko hiyo katika mwezi mzima nisingeipata. Nikampigia simu mwalimu wa wageni. Gari ameshaikodi, na pesa ameshatoa.

* * *

Alhamisi tulianza na dawa, saa 2. Kichocho kaskazini ya Pemba ni habari ya zamani. Wadudu wake wanatoka kwenye konokono wa maji baridi, vijito na mabwawa ambamo watoto wanaoga na kufua, na huingia kwa ngozi tu, huhitaji kunywa. Mwalimu msaidizi anasema enzi zake mvulana kukojoa damu hakukuwa ugonjwa, kulionekana ndiyo kuwa mkubwa. Siku hizi kuna upimaji na kuna wataalamu wa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, na kiwango kimeshuka sana. Ila kikishuka ndiyo kazi inakuwa ngumu, kwa sababu wachache waliobaki nacho wanatosha kukirudisha mtoni.

Dawa ya kichocho hupimwa kwa urefu. Kuna ubao mrefu wenye alama, mtoto anasimama nao mgongoni, na kichwa kilipofika ndiyo idadi ya vidonge. Vidonge vikubwa, vichungu vya kutia machozi. Hapo ndipo unapoona umri wa katikati ulivyo. Wavulana wa Darasa la Tano wanasimama kwa vidole vya miguu ili wapate kama wakubwa. Wavulana wa Kidato cha Pili, wanaojua ladha yake, wanakunja magoti ndani ya suruali ili washuke. Mmoja, mrefu kama mkungu, nilimwambia anyooke. "Nimenyooka, Mwalimu." Alikuwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisichoonekana. Alikula vinne.

Nilipomaliza nikatazama daftari la majina. Wavulana kadhaa hawapo, hao nilijua, karafuu. Lakini Kidato cha Kwanza wasichana, safu nzima ilikuwa tupu. Sikufikiria nage kwanza. Nilifikiria dawa. Nilikuwa nimeweka siku ya dawa na siku ya mwani pamoja, kwa mkono wangu mwenyewe, na walioikosa dawa walikuwa palepale chini ya mteremko, mwendo wa robo saa.

Wageni walifika saa 4 kasoro, wanaimba ndani ya gari. Sisi tulikuwa na wachezaji watano. Mwalimu wao akashuka, akatazama kiwanja, akatazama upande wa bahari, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Nyinyi watu wa pwani na bamvu mnaweka mechi?"

Nikamwomba aningoje. Nikavua viatu nikateremka.

Sijawahi kuona maji yametoka vile. Mchanga umekwenda mpaka macho yanachoka, na huko mwisho, kama mstari wa wino, wanawake wameinama. Nilitembea muda mrefu, maji yakaanza kunifika vifundoni, halafu magotini. Vigingi kwa safu, kamba zimevutwa baina yake, na mwani umening'inia kama tasbihi ya kahawia. Nikamwona mkwepaji wangu. Ameinama anafunga mbegu kwenye kamba, vidole vinakwenda mbio bila ya kutazama. Aliponiona akasimama wima, akataka kujificha na hapakuwa na pa kujificha, bahari nzima ni wazi.

"Karibu, Mwalimu," akasema mama yake. "Leo umetufuata huku."

"Shikamoo, mama. Nimemfuata mchezaji wangu."

"Marahaba. Anakuja. Tubakishie kamba hizi nne tu, maji yakigeuka nakupa." Akafunga fundo, akahamia jengine. Halafu akasema, si kwa ugomvi, kama mtu anayetaja bei ya samaki: "Ile sare ya michezo mliyotwambia tununue, imetoka humu."

Sikuwa na la kusema. Elimu bila malipo ni kweli bila malipo, ada hapana, na mkwe wangu atakwambia nini maana yake kwa mtoto wa 1964. Lakini jezi ya nage inauzwa dukani, na pesa ya dukani imefungwa kwenye kamba, na inataka wiki sita kukua. Nikakunja gauni nikaanza kufunga. Nilikuwa mzigo kuliko msaada. Fundo langu la kwanza msichana alilifungua kimyakimya akalifunga upya, na la pili vilevile. La tatu aliliacha, nikajiona.

Tulirudi sisi sote saa 6 hivi, wasichana saba na miye, sketi zimekauka chumvi. Wageni walikuwa wameshacheza na wale wetu watano, wameshawafunga, wameshakula mihogo yote ya bibi, na dereva anapiga honi. Dawa waliipata wote saba. Mhudumu wa afya alikuwa bado anafunga masanduku, nikamshika mkono, na bibi wa mihogo akatoa vipande alivyokuwa ameviweka kando kwa ajili yake mwenyewe ili wasimeze na njaa. Nilimlipa. Alihesabu chenji mpaka shilingi ya mwisho.

Mwalimu wa shamba alikubali turudiane. Nikamwambia, wiki ijayo Jumatano, maji mafu, wote watakuwepo. Akatikisa kichwa: Jumatano kwao haiwezekani, wana mikarafuu ya mzee wa kamati ya kumalizia na nusu ya timu yake ni wachumaji. Alhamisi kwangu ni kambi inapokea magodoro. Tukasimama pale, walimu wawili wenye stashahada, tunapanga mchezo wa watoto kwa mwezi, maji, na mikarafuu ya mtu. Ikabaki Jumanne.

* * *

Ijumaa nilifuta ubao nikaanza upya. Niliongeza safu moja upande wa kulia, nikaandika juu yake: Maji. Nilikuwa nimemwandikia mkwe wangu tarehe kwenye karatasi, naye akanitajia saa mbele ya kila tarehe bila ya kutazama popote.

Jumatatu, tarehe 23 Septemba, Siku ya Elimu Bila Malipo: paredi, ngonjera ya Darasa la Sita, risala. Jumanne: nage ya marudiano, saa 3 asubuhi, maji yanatoka mchana. Jumatano: Darasa la Sita ziara ya Ngezi. Hii wameingoja muhula mzima. Msitu ule ni masalio ya msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla haujakatwa, na ndani yake wanaishi popo wa Pemba, wale wakubwa wenye sura kama ya mbweha, ambao hawapo kokote duniani ila hapa. Mtoto mmoja alishaniuliza kama popo wanajua kwamba wao ni wa Pemba. Nimemwambia awaulize. Kila mmoja aje na chakula chake na chupa ya maji. Gari inaondoka saa 1 na nusu, na safari hii nitamaanisha. Alhamisi: kupokea magodoro na mchele wa kambi, na nazi, kwa wanaotaka kuleta nazi.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akausoma. Akaiangalia ile safu mpya. Akasema wakija wakaguzi watauliza hii ni nini. Nikamwambia nitawaeleza. Akasimama kidogo, mikono nyuma, akasema, "Alhamisi ya wiki ya pili nina mkutano wa kamati. Nitazamie."

Msichana wa Kidato cha Kwanza alipita, akasoma, hakusema kitu, na safari hii nilimwamini. Nyuma yake bibi wa mihogo amevaa miwani yake, kidole kinafuata mstari. Alipofika kwenye safu ya kulia akasimama.

"Mwalimu, hii ya maji ya nini?"

"Ya kujua siku ambazo watoto wako pwani, bibi."

Akanitazama juu ya miwani. "Hii miye naijua mwaka wa ishirini. Ulidhani siku za bamvu napunguza mihogo kwa nini?"